Jembe, Njuga na Kigoda: Wimbo na Mwendo katika Muziki wa Jadi wa Usukuma

Yapo maswali ambayo mtu hukaa nayo miaka mingi bila kuyauliza, kwa kuwa anadhani jibu lake analo tayari. Swali la makala haya ni moja la jinsi hiyo. Katika muziki wa jadi wa makabila yetu, je, mchezo huufuata muziki kama mtumishi amfuatavyo bwana wake, au mchezo ni muziki wenyewe katika sura yake nyingine? Walio wengi watajibu upesi kwamba kwa Mwafrika muziki na mchezo ni kitu kimoja. Jibu hilo limesemwa mno majukwaani, hata limekuwa kama sarafu iliyosuguka: thamani yake ingalipo, lakini sura iliyochorwa juu yake haionekani tena. Nia yangu ni kulitazama upya kwa mifano ya Usukuma, nchi ya kusini mwa Ziwa Victoria nilikozaliwa na kufanyia kazi, ili tuone kama ni kweli, ni kweli kwa namna gani, na kama ni kweli, yatupasa kutenda nini.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mtumishi kijana wa mambo ya utamaduni, niliitwa kuwa mmoja wa waamuzi wa mashindano ya ngoma yaliyofanyika Usagara, mahali inapogawanyika barabara itokayo Mwanza, moja ikienda Shinyanga na nyingine ikielekea Kigongo, ambako siku hizo watu walivuka kwa kivuko kwenda Busisi na Geita, na ambako tangu mwaka 2025 wanavuka kwa daraja. Tulikabidhiwa karatasi ya alama yenye safu tatu: uimbaji, upigaji wa ngoma, na uchezaji. Vikundi vikaja kimoja baada ya kingine. Kikaja kikundi cha wigashe, watu wazima kwa vijana, wakaketi juu ya vigoda vyao, wakaimba wakiwa wameketi tangu mwanzo hata mwisho, wakainuka na kwenda zao. Katika safu ya uimbaji niliwapa alama 9 kati ya 10. Katika safu ya uchezaji niliwapa 2, tena kwa dhamiri safi kabisa, kwa kuwa hawakusimama. Kwa hesabu hiyo wakashindwa.

Jioni, mzee mmoja wa kikundi kile alinifuata chini ya mti nilipokuwa nikisubiri gari.

"Mwadila, baba," nikamsalimu.

"Mwadila, mwanangu. Nasikia umetunyima alama za kucheza."

"Baba, mlikaa kitako muda wote."

"Ndiyo, tulikaa. Wigashe ni kukaa. Lakini wewe ulitutazama miguu. Nani aliyekwambia kuwa mchezo unakaa miguuni?"

Hakusema kwa hasira. Aliniaga kwa heshima, akaondoka na kigoda chake mkononi. Sikuwa na la kumjibu. Makala haya ndiyo jibu langu, nalo limechelewa.

Muziki adhimu ni upi?

Kabla ya kuendelea, yafaa tufahamiane juu ya neno moja. Wazungu wanayo sehemu ya muziki wao ambayo wanaitukuza kuliko nyingine, muziki wa akina Bach, Haydn na Beethoven, nasi tumezoea kuuita muziki wa kale wa Kizungu, kana kwamba ukale ndio sifa yake. La hasha. Muziki huo haukutukuzwa kwa sababu ya umri tu. Umetukuzwa kwa sababu una kanuni zinazofundishwa, una watunzi wanaojulikana kwa majina, una mabingwa na wanafunzi wao, na una wasikilizaji wanaojua kutofautisha kazi njema na kazi mbovu. Kwa kuwa tunahitaji neno, nauita hapa muziki adhimu.

Basi kwa kipimo hicho Usukuma unao muziki adhimu. Unao watunzi, nao huitwa ningi, ambao majina yao huendelea kutajwa miaka mingi baada ya wao kufa. Unazo kanuni, na mwanafunzi aliyezivunja huchekwa mbele ya watu. Unavyo vyama vya ngoma vyenye nidhamu na viongozi, na juu ya vyote pande mbili kubwa za ushindani, Bagika na Bagalu, ambazo zimeshindana tangu kabla ya vizazi vilivyopo. Mwanamuziki wa Marekani, Frank Gunderson, aliyekaa miaka mingi katika nchi hii, alichapisha mwaka 2010 kitabu kikubwa juu ya nyimbo za kazi za Wasukuma, chenye maneno ya nyimbo zaidi ya 300. Muziki wenye hazina ya namna hiyo hauhitaji kuombewa adabu na mtu yeyote.

Yafaa pia kutaja kwamba Kisukuma hakikuchanganya mambo haya kwa umaskini wa maneno. Chombo kinachopigwa ni ng'oma. Mkutano mzima wa kuimba, kupiga na kucheza ni mbina, neno ambalo kwa Kiswahili tumezoea kulifasiri kuwa ngoma. Wazee waliokuwa na maneno mawili walijua kutofautisha. Kama hata hivyo hawakutenganisha, basi walikuwa na sababu zao, na kazi ya mhakiki ni kuzitafuta.

Jembe

Sababu ya kwanza tunaipata shambani. Usukuma ni nchi ya wakulima wa matuta, na kwa muda mrefu imekuwa nchi kuu ya pamba nchini. Mwaka 1955, vyama vya ushirika vya wakulima hao vilipoungana katika Shirikisho la Victoria, nguvu yao haikutoka katika mashine. Ilitoka katika mikono iliyoshika majembe ya mkono, na mikono hiyo haikulima kila mmoja peke yake. Vijana wa kijiji, basumba, walikuwa na utaratibu wao na kiongozi wao, wakaenda kwa pamoja shamba la huyu leo na la yule kesho. Mbele yao au kando yao walikuwapo wapiga ngoma. Ndiko inakostawi bugobogobo, ngoma ya majembe, ambayo leo inajulikana Tanzania nzima.

Sasa tuitazame bugobogobo kwa jicho la uhakiki. Mlimaji ana vitendo vitatu: huinua jembe, hulishusha, kisha huuvuta udongo kuelekea kwenye tuta. Anapoinua, kifua hujaa pumzi. Anaposhusha, pumzi humtoka kwa nguvu, naye hawezi wakati huo kutamka neno refu. Aweza tu kutoa mguno au silabi moja. Kwa hiyo mstari wa wimbo wa kulimia lazima ukae katika nafasi iliyopo kati ya pigo na pigo, na neno zito la mstari halina budi kuangukia mahali linapoangukia jembe. Atungaye wimbo wa bugobogobo bila kujua kulima atatunga mstari ambao hauimbiki. Wala hatahitaji mwalimu wa kumwambia hivyo, kwani safu ya walimaji itamkatiza pumzi katikati ya neno.

Tazama basi jinsi mambo yanavyopinduka. Tulidhani kwamba muziki umetungwa kwanza, kisha watu wakatafuta namna ya kujitikisa. Hapa ni kinyume chake: mwendo wa mwili ndio uliopima urefu wa mstari, ukachagua mahali pa mkazo, ukaamua upesi wa ngoma. Washairi tunahesabu mizani kwa vidole. Mlimaji anaihesabu kwa jembe. Tena jembe lenyewe linalia. Chuma kikiingia ardhini hutoa sauti nzito, na majembe 20 yakishuka pamoja hutoa pigo moja ambalo hakuna ngoma ya ngozi iwezayo kuliiga. Pigo hilo ni sauti ya chini ya muziki wote. Mwenye kuandika sehemu ya ngoma na sehemu ya waimbaji akaliacha jembe, ameandika nyumba bila msingi.

Njuga

Sababu ya pili iko miguuni, mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nikitazama siku ile bila kuona vema. Mchezaji wa Kisukuma hufunga njuga. Jambo hili ni la kawaida hata hatulifikirii. Lakini njuga ni ala ya muziki, na ala hiyo haina mpigaji mwingine ila mguu wenyewe. Mguu ukikosea, ala imekosea. Mchezo ukichelewa, muziki umechelewa. Mtu aliyevaa njuga hawezi kusema kwamba anacheza tu na kwamba muziki unapigwa na wengine. Yeye ni mmoja wa wapigaji. Wala hawezi kupiga bila kucheza. Mfua chuma aliyetengeneza njuga alikwisha kulimaliza swali letu kabla ya wasomi kuliuliza.

Labda ndiyo maana mtu mashuhuri kuliko wote katika masimulizi ya ngoma ya Usukuma anajulikana kwa jina la Ng'wanamalundi, ambalo, kama wasimuliavyo wazee, limetokana na miguu yake mirefu. Huyu ndiye yule kiongozi wa ngoma na mwenye maajabu ambaye Wajerumani walimkamata na kumfunga, wakiogopa makundi ya watu yaliyokuwa yakimfuata. Serikali yenye bunduki ilimwogopa mtu wa ngoma si kwa sababu ya sauti yake nzuri, bali kwa kuwa aliweza kuwafanya watu wengi waende pamoja. Katika hilo Wajerumani walikuwa wahakiki wazuri kuliko mimi na karatasi yangu.

Kisha liko jambo la uamuzi. Katika mashindano ya asili ya Bagika na Bagalu, vikundi viwili hucheza wakati mmoja, katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Hapana meza ya waamuzi wala karatasi. Watazamaji huenda wanakovutwa, na wakiona upande wa pili umepamba moto zaidi huuhama ule wa kwanza mbio mbio. Kikundi kilichokusanya umati mkubwa ndicho kilichoshinda. Ndiyo sababu wacheza ngoma walitafuta kila hila ya kuwavuta watu: Bayeye wakaleta nyoka, Banungule wakajipamba kwa miiba ya nungunungu, wengine wakaja na dawa za mvuto. Tukiyaondoa ya dawa, inabaki kanuni iliyo wazi kabisa. Hukumu juu ya muziki hutolewa kwa miguu ya watazamaji. Mchezaji hucheza, na msikilizaji naye hujibu kwa kwenda, kurudi au kubaki. Hata uhakiki katika muziki huu ni mwendo.

Kigoda

Hapo ndipo msomaji mwangalifu ataniuliza: ikiwa ni hivyo, wigashe yenyewe tuiweke wapi? Jina lake latokana na kukaa. Hapana jembe, hapana kurukaruka, hapana vumbi. Je, huu si ushahidi kwamba Wasukuma nao walikuwa na muziki wa kusikilizwa tu, muziki uliotengwa na mchezo kama ule wa kumbi za Ulaya?

Kwa miaka mingi nilidhani hivyo. Baada ya maneno ya yule mzee nilianza kuitazama wigashe kwa namna nyingine, nikaacha kutazama miguu. Nikaona kwamba waimbaji walioketi hawakutulia hata kidogo. Viwiliwili huinama mbele na kurudi kwa pamoja, kama mawimbi ya ziwa yanapofika ufukoni siku isiyo na upepo mkali. Mabega hupanda pale sauti inapopanda. Shingo hugeuka pamoja mwishoni mwa mstari, na mgeuko huo ndio unaowapa waitikiaji ishara ya kuingia. Mtu mmoja akikosea kuinama, jirani yake hukosa pumzi, na wimbo huyumba. Kwa kuwa miguu imenyimwa kazi, kazi yote imehamia juu, nayo imekuwa ya makini zaidi. Kigoda kimewekwa chini ya mchezo ili uwe mgumu, kama vile mshairi anavyojiwekea vina ili neno lisipite ovyo. Hakikuwekwa ili kuuzuia.

Wigashe basi si hoja dhidi ya neno kwamba muziki na mchezo ni kitu kimoja. Ni ushahidi wake mkubwa kuliko wote. Mahali ambapo wazee walikusudia watu wakae, hata hapo hawakuweza kuimba bila mwili kwenda. Na mimi, mzaliwa wa nchi hii, niliukosa mchezo huo uliokuwa hatua tano mbele yangu, kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa kuwa mchezo ni kitu cha safu ya tatu.

Mfano wa Ulaya

Asije mtu akadhani nasema haya kwa majivuno ya kikabila au kwa kuwadharau wageni. Wazungu nao walianza na muziki uliofungamana na mchezo. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alikuwa akicheza mwenyewe mbele ya watu wa ikulu yake, na mtunzi wake mkuu, Lully, alikuwa mchezaji pia. Bach alitunga mifuatano ya vipande vyenye majina ya ngoma za siku zile, lakini vipande hivyo ni vya kusikilizwa na watu waliotulia. Haydn aliingiza ngoma ya minueti ndani ya simfonia zake, na hakuna aliyetazamiwa kusimama. Pole pole muziki wao adhimu uliketi, na watazamaji wakaketi nao, hata leo mtu akitikisa kichwa kwa nguvu katika ukumbi wa namna hiyo atatazamwa vibaya.

Je, waliangamia? Hapana. Muziki wa Bach ungali hai bila wachezaji. Basi kwa nini mimi nihofie kwamba wetu utakufa? Jibu liko katika mkasa mmoja wa mji wa Paris. Tarehe 29 Mei, 1913, mtunzi wa Kirusi Igor Stravinsky alionyesha kazi yake juu ya sadaka ya majira ya kuchipua, na michezo yake ilitungwa na Vaslav Nijinsky. Watazamaji walizomea, wakapigiana kelele hata muziki haukusikika vema. Mwaka uliofuata muziki ule ule ulipigwa Paris bila wachezaji, na mtunzi akashangiliwa. Tangu hapo muziki huo umepigwa duniani kote. Na mchezo wa Nijinsky je? Ulionyeshwa mara chache tu, ukaachwa, ukasahaulika. Mwaka 1987 ndipo kikundi cha Joffrey cha Marekani kilipouonyesha tena, baada ya kuuunganisha upya kutokana na michoro, madondoo na kumbukumbu za wazee waliokuwa wamebaki.

Fundisho la mkasa huu ni wazi. Kazi moja ilitengwa sehemu mbili. Sehemu iliyoandikwa ikaishi, na ile iliyokuwa imehifadhiwa katika miili ya watu ikapotea zaidi ya miaka 70. Wazungu waliweza kuutenga muziki wao na mchezo bila kuupoteza kwa kuwa waliuweka katika karatasi. Sisi karatasi yetu ni mwili. Mizani ya bugobogobo imeandikwa katika mabega ya mlimaji, na maingilio ya wigashe yameandikwa katika shingo za waimbaji. Tukiondoa mwili, hatubaki na muziki mtupu kama wao. Tunabaki na kitabu ambacho kurasa zake zimechanwa.

Jukwaa

Tarehe 10 Desemba, 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa, akasikitika kwamba wengi wetu tulifundishwa ngoma za kigeni na hatukuzijua zetu. Kutokana na mwito huo kikazaliwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa, na baadaye, mwaka 1981, Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Juhudi hizo zilikuwa za haki na zilizaa matunda. Kijana wa Mtwara alijifunza bugobogobo na kijana wa Mwanza akajifunza sindimba. Ngoma zilizoitwa za kishenzi zikapokea heshima mbele ya wakuu wa nchi za nje. Asiyekiri hivyo hana shukrani.

Lakini shukrani haimzuii mtu kuhakiki. Bugobogobo ilipopanda jukwaani ililiacha shamba chini. Jembe likabaki mkononi, likazungushwa na kurushwa hewani kwa ustadi wa kustaajabisha, ila halikuwa na ardhi ya kupiga. Lile pigo la chini likatoweka. Nimewahi kuona wapiga ngoma hodari wakiongeza mapigo yao ili kulijaza pengo hilo, na kwa kuwa mchezaji asiyelima hachoki upesi, mwendo ukaongezwa kasi, na kwa kuwa kasi imeongezwa, mistari ya wimbo ikafupishwa. Baada ya miaka michache wimbo wenye beti nyingi za mawaidha umebaki na kiitikio tu. Hakuna aliyekusudia kuua kitu. Kila badiliko lilikuwa na sababu yake njema, na jumla yake ikawa hasara.

Redio nayo ilitutendea wema wa namna yake. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi ngoma za mikoa yote, na kanda zake ni hazina ya taifa. Lakini redio husikia, haioni. Katika kanda za namna hiyo wigashe ni sauti za watu wanaoimba pamoja kwa utamu wa ajabu, na msikilizaji hatajua kamwe ni kitu gani kilichowafanya waingie pamoja. Redio haina kosa, kwani sikio ndilo chombo chake. Kosa litakuwa letu tukidhani kwamba kilichomo katika kanda ndicho wigashe nzima.

Upo mfano mwema karibu nasi. Huko Bujora, Kisesa, nje kidogo ya mji wa Mwanza, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alishirikiana na wazee wa Kisukuma kukusanya ngoma za watemi na vifaa vya vyama vya ngoma, na jumba la makumbusho likafunguliwa mwaka 1968. Utemi ulikuwa umefutwa mwaka 1963, na ngoma nyingi za ikulu zingeoza au kuuzwa. Sifa kubwa ya Bujora, kwa maoni yangu, ni kwamba haikuishia kuzitundika ngoma. Kila mwaka, wakati wa sikukuu ya Ekaristi ambayo huku imepata jina la Bulabo, yaani maua, Bagika na Bagalu hukutana na kushindana kwa mtindo wa kale, umati ukihama huku na huku. Ngoma iliyo ndani ya kabati ya kioo na vumbi linalotimka nje ya jumba vinafasiriana. Mgeni akiona kimoja tu hajaona Bujora.

Tutende nini?

Mimi si mwanamuziki wa kusomea. Elimu yangu ni ya sekondari, na kazi yangu imekuwa ya ofisini na ya kutunga mashairi. Hata hivyo nathubutu kutoa mapendekezo matatu.

Kwanza, tuifute ile safu ya tatu. Katika mashindano ya ngoma za jadi uimbaji, upigaji na uchezaji vihesabiwe kuwa kazi moja yenye alama moja, na miongoni mwa waamuzi awepo angalau ningi mmoja wa ngoma inayohukumiwa. Na pale inapowezekana, vikundi viwili vicheze kwa wakati mmoja, tuwaachie watu miguu yao.

Pili, tunaporekodi, turekodi mwili. Siku hizi hata simu ya mkononi hupiga picha zinazokwenda, kwa hiyo udhuru wa zamani umekwisha. Lakini mpiga picha afundishwe mahali pa kutazama. Katika bugobogobo atazame chuma kinapoingia udongoni, na kinasa sauti kiwekwe karibu na ardhi. Katika wigashe atazame shingo na mabega.

Tatu, watoto wa shule wafundishwe nyimbo za kazi wakiwa kazini, kwenye bustani ya shule, na wafundishwe wigashe wakiwa wameketi, kwa subira, mpaka waweze kuinama pamoja bila kuhesabiwa. Mtoto aliyefundishwa wimbo wa jembe darasani amejifunza maneno tu, nayo atayasahau kabla ya mvua za pili.

Yule mzee aliyenifuata chini ya mti amekwisha kufariki. Sikupata nafasi ya kumrudishia alama zake, na sidhani kama alizihitaji. Alikwenda nyumbani na kigoda chake akijua alichokifanya siku ile. Aliyekwenda nyumbani na karatasi isiyo na maana ni mimi. Kwa kuwa deni halilipiki kwa alama, nalilipa kwa ubeti mmoja:

Ngoma si ngozi na mti, ngoma ni ya wananchi,
Mguu nao sauti, upigao kama mchi,
Hata tukae kwa kiti, hutikisika na nchi,
Mwenye kuutenga wimbo na mwendo, ameuua.